Jagwa hana mipaka ya shamba
Wengi hudhani kwamba jagwa, paka mkubwa wa Amerika anayefanana na chui wetu, hulinda eneo lenye mipaka isiyobadilika na kumfukuza kila mwenzake anayekanyaga humo. Sivyo. Eneo la dume kwa kawaida hupishana na maeneo ya majike kadhaa, na ukubwa wake hutegemea mawindo: kwenye vinamasi vya Pantanal, Brazili, ambako kapibara (wagugunaji wakubwa wa jamii ya panya) na kaimani (jamaa wa mamba) wamejaa kando ya mito, jike huweza kutosheka na makumi ya kilomita za mraba, ilhali kwenye nyika kavu jagwa huhitaji mamia. Wengine huhama kabisa. Dume aliyeitwa El Jefe alipigwa picha Arizona, Marekani, kati ya 2011 na 2015, kisha mwaka 2021 kamera ikamnasa Sonora, Meksiko, naye akatambuliwa kwa madoa yake, ambayo hayafanani na ya jagwa mwingine yeyote.