Kazi inayozeesha seli: maana yake, na watafiti wanajuaje

Inasemwa sana siku hizi kwamba kazi yenye msongo humzeesha mtu mpaka ndani ya seli. Kauli hiyo ina maana yake mahususi, na inafaa kuijua kabla ya kuiogopa au kuipuuza.

Tuanze na seli yenyewe. Kwa miaka mingi wanasayansi waliamini kwamba seli ikilelewa vizuri maabara itagawanyika bila kikomo. Imani hiyo ilitokana na daktari Mfaransa Alexis Carrel, aliyedai kuwa seli zake za moyo wa kuku hazifi. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead, wakiwa Philadelphia nchini Marekani, walionyesha kinyume chake: seli za kawaida za binadamu hugawanyika mara 40 hadi 60 hivi, kisha husita. Hazifi papo hapo. Hubaki hai, huendelea kula, lakini hazigawanyiki tena, na nyingine humwaga kemikali zinazowasha na kuvimbisha tishu za jirani. Hali hiyo ya kukoma kugawanyika ndiyo inayoitwa kuzeeka kwa seli.

Inakoma kwa nini? Sababu moja kubwa iko kwenye ncha za kromosomu, yaani nyuzi za DNA zinazobeba urithi ndani ya seli. Ncha hizo huitwa telomea. Kwa binadamu telomea ni herufi sita za DNA, TTAGGG, zilizorudiwa maelfu ya mara. Kazi yake ni ile ya upindo wa kanga: upindo ukiliwa, nguo yenyewe huanza kufumuka. Kila seli inapogawanyika hunakili DNA yake, lakini mtambo wa kunakili haufiki mwisho kabisa wa uzi, kwa hiyo kipande kidogo hupotea. Mrusi Alexey Olovnikov alilieleza tatizo hili mwaka 1971. Katika chembe nyeupe za damu mtoto huzaliwa na telomea za herufi kama 10,000, na mtu mzima hupoteza wastani wa herufi 20 hadi 40 kwa mwaka. Kipo kimeng'enya kinachorudishia ncha hizo, telomerasi, kilichogunduliwa na Carol Greider na Elizabeth Blackburn katika miaka ya 1980. Wawili hao pamoja na Jack Szostak walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Ila katika seli zetu nyingi kimeng'enya hicho hufanya kazi kidogo sana au hakifanyi kabisa.

Sasa msongo unaingiaje hapa? Mtu anayeishi na presha ya kazi siku nenda rudi huweza kubaki na kotisoli, homoni ya msongo, juu kwa muda mrefu. Mwaka 2008 kundi la Rita Effros, huko Los Angeles, liliweka seli za kinga kwenye kotisoli maabara na kuona utendaji wa telomerasi ukishuka. Njia nyingine ni kemikali kali za oksijeni zinazozalishwa mwilini. Zinapenda kushambulia herufi G, na telomea zimejaa G. Ongeza usingizi wa mang'amung'amu, sigara, na kula ovyo, mambo ambayo mtu aliyelemewa na kazi huangukia kirahisi, utaona kwamba njia ni nyingi na zinaingiliana.

Utafiti uliowasha moto ulitoka mwaka 2004 kwa Elissa Epel, Blackburn na wenzao. Walipima kina mama 58, wengi wao wakilea watoto wenye maradhi ya kudumu. Kumuuguza mtoto usiku na mchana ni kazi, tena nzito, ingawa haina mshahara. Wale waliosema wanahisi msongo mkubwa zaidi walikuwa na telomea fupi kuliko waliohisi mdogo zaidi, kwa tofauti inayolingana na miaka 10 au zaidi ya kuzeeka. Lakini matokeo hayo yasibebwe peke yake. Mwaka 2016 uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za namna hiyo ulikuta uhusiano upo, ila ni mdogo sana. Kwa hiyo anayekuuzia kipimo cha telomea ili akuambie kazi yako imekula miaka mingapi anakuuzia kitu ambacho sayansi haiwezi kukupa. Watu wawili wa umri mmoja, wote wazima, wanaweza kutofautiana kwa maelfu ya herufi tangu kuzaliwa. Tofauti inayohusishwa na msongo huonekana unapopanga watu kwa mamia na maelfu, na hapo ndipo linapoibuka suala ambalo wengi hulipita haraka, la kuoanisha data.

Damu haisemi mwenye nayo anafanya kazi gani. Tarehe ya kifo iko kwenye daftari jingine, dodoso la uchovu liko kwingine, siku za kulazwa hospitali kwingine tena. Kuoanisha ni kuthibitisha kwamba kumbukumbu hizi tofauti ni za mtu yuleyule. Finland wanalifanya kwa wepesi kwa sababu kila mkazi ana namba ya utambulisho: tarehe ya kuzaliwa kwa tarakimu sita, kisha tarakimu tatu ambazo huwa witiri kwa mwanamume na shufwa kwa mwanamke, kisha alama ya ukaguzi inayotokana na baki la kugawa namba ya tarakimu zote tisa kwa 31. Ukikosea tarakimu moja, alama inakataa. Kwa namba hiyo Kirsi Ahola na wenzake waliunganisha majibu ya wafanyakazi zaidi ya 7,000 wa viwanda vya mazao ya misitu na daftari la vifo kwa miaka 10, wakakuta kwamba miongoni mwa walio chini ya miaka 45, waliochoshwa zaidi na kazi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Mwaka 2012 Ahola na wenzake waliripoti pia kwamba kati ya wafanyakazi 2,911 wa Finland wa miaka 30 hadi 64, wenye uchovu mkali wa kazi walikuwa na telomea fupi kuliko wasio nao.

Pasipo namba, huoanishwa kwa uzito, yaani alama inayopewa kila taarifa inayolingana. Ivan Fellegi na Alan Sunter walitoa hesabu yake mwaka 1969, wakijenga juu ya kazi ya Howard Newcombe wa Kanada. Jina la nadra likilingana linapewa uzito mkubwa. Juma akilingana na Juma, uzito ni mdogo, maana kina Juma ni wengi. Alama zote hujumlishwa, na jumla ikivuka kiwango, watu wawili wa kwenye karatasi huhesabiwa mmoja.

Kosa lake hujificha. Damu ya fundi cherehani ikiambatishwa kwa maelezo ya kazi ya mlinzi wa usiku, programu haitapiga kelele. Makosa ya aina hiyo yakirundikana, kwa kawaida hufifisha uhusiano uliopo, na mtafiti anaweza kutangaza kwamba kazi haidhuru kumbe amechanganya watu.

Kisesa, wilayani Magu mkoani Mwanza, ambako wakazi wamekuwa wakifuatiliwa kitakwimu tangu 1994, hawapimi telomea, lakini tatizo la kuoanisha wamelikabili uso kwa uso. Namba moja ya kila mtu haikuwapo, majina huandikwa kwa tahajia tatu nne, na mtu anaweza kutaja jina la ukoo huku na jina la utani kule. Kuanzia 2015 karani alikaa na mgonjwa pale kituo cha afya akisubiri zamu yake, akamwomba ridhaa, akaandika majina matatu, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, kitongoji, hata jina la balozi wa nyumba kumi. Programu ikaleta orodha ya wanaofanana naye, na karani akauliza: kwenu unaishi na nani? Jina la mama mkwe au la mdogo wake likimaliza ubishi, kumbukumbu zinaunganishwa hapohapo, na mwenyewe yupo kuthibitisha.