Kodi ya Duka Ikikwama Wakati wa Janga

Machi 2020, Kenya ilipotangaza kafyu ya usiku kwa sababu ya korona, wateja walipotea madukani na mikahawani, lakini tarehe ya kodi haikusogea. Agizo la serikali la kufunga biashara halifuti deni la pango. Hata mikataba yenye kifungu cha majanga mara nyingi humwacha mpangaji akiwajibika kulipa, kwa hivyo nafuu yoyote sharti itoke kwa mwenye jengo, na iandikwe.

Mwendee kabla tarehe haijafika. Beba rekodi za mauzo ya miezi mitatu, taarifa ya M-Pesa au ya benki, na kiasi ambacho kweli unaweza kulipa. "Nivumilie kidogo" haimpi chochote cha kupangia, naye huenda ana mkopo wa benki juu ya jengo hilohilo.

Panapoharibika zaidi ni kati ya kusamehe na kuahirisha. Tuseme kodi ni shilingi 60,000 kwa mwezi, na mmekubaliana mpangaji alipe nusu kuanzia Aprili hadi Juni. Je, zile 90,000 zilizobaki zimefutwa, au zinadaiwa? Mpangaji hutoka pale akiamini zimefutwa. Mwenye jengo anaziandika kwenye daftari la madeni. Kama zimeahirishwa, andikeni hivyo: 15,000 kila mwezi juu ya kodi ya kawaida, Septemba hadi Februari, bila riba wala faini. Kama zimesamehewa, tajeni miezi yenyewe na siku ambayo kodi kamili inarudi. Tarehe hiyo isipoandikwa, mpangaji anaweza kudai baadaye kwamba 30,000 ndiyo kodi mpya.

Kwa nini tunasisitiza tarehe? Sheria ya Wenye Majengo na Wapangaji wa Maduka, Hoteli na Mikahawa, Sura ya 301, humlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano. Wenye vibanda na maduka madogo wengi wamo humo, ingawa hawajui. Mwenye jengo hawezi kuvunja upangaji huo wala kupandisha kodi bila notisi ya miezi miwili isiyopungua, kwenye fomu rasmi. Lakini deni lililopitisha miezi miwili, au mazoea ya kuchelewesha kodi, ni sababu halali ya kumtoa. Maafikiano yanayosogeza tarehe yenyewe ya kulipa humkinga mpangaji hapo. Ahadi ya uvumilivu tu ni kinga dhaifu.

Ukipewa notisi, usiikalie. Mjibu mwenye jengo kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama unakubali au unakataa, kisha ufikishe shauri kwa Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara, linaloamua migogoro ya upangaji huu, kabla ya siku ya notisi kuanza kufanya kazi. Siku hiyo ikipita kimya, notisi inasimama. Mpangaji naye anaweza kutoa notisi yake akitaka kodi itathminiwe upya, njia ambayo wachache huitumia.

Kufuli jipya mlangoni usiku, umeme kukatwa, bidhaa kutolewa nje: hayo ni makosa, hata kama deni ni la kweli. Dalali wa kukamata mali kwa upangaji unaolindwa anahitaji idhini ya Jopo kwanza. Mwenye jengo anayekimbilia kufuli hujikuta yeye ndiye mshtakiwa, na deni analodai linakaa muda mrefu zaidi bila kulipwa.

Unapolipa kidogokidogo, taja pesa ni za mwezi gani, kwa ujumbe wa simu unaobaki. Usiposema, mpokeaji ana haki ya kuziweka kwenye deni analotaka, na kodi ya mwezi huu ikaonekana haijalipwa.

Mwenye jengo aliyesajiliwa kwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, aangalie jambo moja zaidi. Ukitoa ankara ya pango kamili, VAT yake inadaiwa hata kama mpangaji hajalipa. Ukipunguza pango baada ya ankara kutoka, toa hati ya kupunguza ankara ile ndani ya miezi sita tangu ilipotolewa. Kuahirisha malipo hakukupi nafasi hiyo, kwa sababu thamani ya ankara haijabadilika.