Pete, mhimili na nuru: dhana potofu kuhusu molekuli zinazotenganisha chaji

Pete na mhimili wa rotaksani (molekuli ya pete iliyovishwa kwenye mhimili) havina kifungo kovalenti, yaani cha kushirikiana elektroni, kati yao, lakini havitengani: vizuizi vinene kwenye ncha za mhimili huzuia pete isichomoke. Wengi huona hapo elektroni haina njia. Si kweli. Inaweza kuruka kutoka pofirini ya zinki (inayonyonya nuru na kutoa elektroni) hadi fulereni C60 (mpira wa kaboni unaoipokea) kupitia nafasi na kiyeyusho kilicho kati yao.

"Pofirini na C60 zikikaribiana zaidi, ndiyo bora." Hili ndilo kosa linaloharibu miundo mingi. Zikigusana, elektroni huruka upesi, na upesi uleule hurudi. Umbali ukiongezeka kwa nanomita 1, kasi inaweza kushuka mara maelfu, kwenda na kurudi. Basi lenga umbali unaoacha elektroni itoke kabla pofirini haijapoteza nishati yake, yaani ndani ya nanosekunde 2 hivi.

"Pengo kubwa la nishati huharakisha kurudi kwa elektroni." Nadharia ya Marcus, inayoeleza kasi ya kuhama kwa elektroni, inaonyesha kinyume: pengo likizidi nishati ya kujipanga upya (ya molekuli na kiyeyusho kubadilika elektroni ihamapo), mwendo hupungua. C60 hubadilika umbo kidogo sana inapopokea elektroni, kwa hiyo nishati hiyo ni ndogo. Pofirini iliyosisimuliwa na nuru ina takriban eV 2 (elektronivolti, kipimo cha nishati). Hali ya chaji zilizotengana, katika kiyeyusho cha benzonitrili, hukaa karibu na eV 1.4. Katika tolueni, kiyeyusho chenye upolari mdogo, hupanda, na ikipita tripleti (hali nyingine ya msisimko) ya eV 1.5 huporomokea humo, chaji zikapotea.

"Shaba ni ya kujengea tu, haina madhara." Shaba(I), yaani ioni ya shaba yenye chaji +1, hushika fenantrolini mbili (molekuli zinazofunga metali), moja ya pete na moja ya mhimili, na kupitisha mhimili ndani ya pete; mkemia Sauvage alitumia mbinu hii mwaka 1983. Ila pofirini tupu, isiyo na metali, huimeza shaba wakati wa kuunganisha, na uhai wa msisimko wake hukatika. Tia zinki kwanza. Shaba ya kiolezo huondolewa kwa sianidi ya potasiamu, na asidi isiwe karibu kamwe: gesi inayotokea huua. Asidi pia hung'oa zinki uliyoitia.

"Floresensi (mwanga wa pofirini iliyosisimuliwa) imezimika, basi chaji zimetengana." Huenda nishati imehamia tu kwenye C60. Ushahidi ni kilele cha ufyonzaji wa nuru cha anioni ya C60 (iliyopokea elektroni) karibu na nm 1000, kikionekana pamoja na kationi ya pofirini (iliyoipoteza). Ondoa oksijeni kwanza kwa kugandisha, kuvuta hewa na kuyeyusha, mara 3. Ili kulinganisha, pima pia mchanganyiko wa pete na mhimili visivyofungamana, kwa viwango vilevile.