Gwaride la pamoja halikuwa kiapo cha vita

Wengi wetu, tukiona michoro ya wafalme wa Ulaya wa karne ya 19 wakikagua gwaride bega kwa bega, huamini kwamba majeshi yao yangepigana pamoja siku yoyote. Si ajabu, michoro hiyo ilikusudiwa ieleweke hivyo.

Chukua Kalisz, mji ulioko Poland ya leo. Mwaka 1835 wanajeshi wa Urusi na wa Prussia, ufalme wa Wajerumani wa wakati huo, walipiga kambi hapo, wakafanya gwaride na mazoezi ya vita mbele ya watawala wao wawili. Vita vya Crimea, kati ya Urusi na Waturuki wa Ottoman walioungwa mkono baadaye na Uingereza na Ufaransa, vilipozuka mwaka 1853, Prussia haikupeleka askari kuisaidia Urusi. Austria nayo, ambayo Urusi iliisaidia kuzima uasi wa Hungaria mwaka 1849, ilielemea upande wa wapinzani wa Urusi. (Shukrani ya punda, wangesema wazee.)

Ukitaka kuhakiki, weka picha kando kwanza. Tafuta maneno ya mkataba: nani aliahidi kumsaidia nani, kwa sharti gani? Kisha tazama vita vilivyofuata, uone nani alikwenda na nani alibaki kwake.