Asparagasi nyeupe: kazi ya giza na mipaka yake

Wengi wanapoiona asparagasi nyeupe, mboga ambayo huliwa machipukizi yake, kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ni mmea wa aina yake, usiohusiana na ule wa kijani. Sivyo. Zote mbili ni mmea mmoja, Asparagus officinalis, na shina lilelile la chini ya ardhi lililotoa machipukizi meupe msimu huu litatoa ya kijani msimu ujao iwapo mkulima hatayafunika yasipate mwanga. Ni kweli kwamba zipo mbegu zilizochaguliwa kwa ajili ya kilimo cha gizani, zenye machipukizi manene na ncha zilizofumbana vizuri, lakini weupe wenyewe hautokani na mbegu. Wala hautokani na dawa ya kung'arisha, kama inavyosemwa mara kwa mara. Katika mimea itoayo maua, hatua mojawapo ya kuunda klorofili, yaani rangi ya kijani ya mimea, haifanyiki pasipo mwanga, kwa hiyo chipukizi lisiloguswa na mwanga hubaki jeupe bila kuongezewa kitu chochote.

Dhana inayoleta hasara kubwa zaidi shambani ni ile inayohusu chakula cha mmea. Upande mmoja wako wanaoamini kwamba chipukizi la gizani limedumaa kwa njaa kwa sababu halifanyi usanisinuru, yaani halijitengenezei chakula kwa mwanga wa jua. Upande wa pili wako wanaohitimisha kwamba, kwa kuwa linanenepa gizani, basi mmea huu hauhitaji jua na unaweza kufunikwa mwaka mzima. Wote wamekosea kwa sababu moja. Chipukizi hukua kwa sukari iliyohifadhiwa katika mizizi minene iliyoungana na shina la ardhini, na sukari hiyo ilitengenezwa msimu uliopita na matawi marefu ya kijani, membamba kama manyoya, yaliyoachwa wazi juani. Giza halilishi mmea. Chipukizi la gizani hutumia tu akiba iliyokwisha kuwekwa. Ndiyo maana mkulima mwenye subira hakati kitu katika miaka miwili ya kwanza baada ya kupanda, ingawa machipukizi huwa yamejitokeza na kutamanisha.

Kuhusu namna ya kuzuia mwanga, inadhaniwa kwamba ni lazima kulundika udongo. Matuta yenye kimo cha takribani sentimita 30 ni njia ya zamani na nzuri, hasa penye udongo wa kichanga usio na mawe, kwa kuwa jiwe dogo tu hulipinda chipukizi. Hata hivyo, handaki fupi la plastiki isiyopitisha mwanga, lililosimamishwa juu ya mimea, hutoa weupe uleule bila tuta lolote. Nailoni inayotandazwa juu ya matuta nayo haipo kwa ajili ya giza peke yake: mara nyingi upande mmoja ni mweusi na wa pili ni mweupe, ambapo weusi ukielekea juu hupasha udongo joto na kuharakisha mavuno, na weupe ukielekea juu huyachelewesha.

Wapo pia wanaosema kwamba mwanga kidogo haudhuru. Hili hukanushwa na uvunaji wenyewe. Alfajiri, katika tuta lisilo na nailoni, mvunaji hupita akitafuta ufa mwembamba juu ya udongo uliosawazishwa, dalili kwamba ncha iko karibu kutokeza. Hufukua kwa vidole akilifuata chipukizi kuelekea chini, hulikata kwa kisu kirefu kwa kina cha sentimita 20 hadi 25, kisha hulifukia shimo na kulisawazisha tena, maana shimo lililoachwa wazi huingiza mwanga hadi kwa chipukizi jirani. Ncha iliyochelewa kukatwa hugeuka rangi ya waridi au zambarau, kisha kijani. Haijaharibika, na kwa maoni yangu huwa na ladha nzuri, lakini si nyeupe tena. Na isichanganywe na asparagasi ya zambarau, ambayo rangi yake hutokana na mbegu. Hata baada ya kukatwa, chipukizi likiachwa mwangani bado linaweza kubadilika rangi, hivyo huwekwa mahali penye giza, ubaridi na unyevu.

Kwamba asparagasi nyeupe haina lishe si kweli, ingawa ile ya kijani huwa na vitamini C nyingi zaidi.

Linabaki suala la lini kuacha kuvuna, na hapa ndipo tamaa huua shamba. Huko Ujerumani, ambako zao hili linathaminiwa mno, desturi ni kukomea tarehe 24 Juni. Baada ya hapo nailoni huondolewa, machipukizi yanayofuata huachwa yapande juu na kufunguka kuwa matawi yanayopita kimo cha mita moja, na hayakatwi mpaka yawe ya manjano na kukauka yenyewe, kwa kuwa sukari ya mavuno yajayo inashuka mizizini kupitia matawi hayohayo.