W kwenye kopo la oili: maana ya 5W-30

Ukiinamia kopo la oili ya injini utakuta maandishi kama 5W-30, 15W-40 au 20W-50. Wengi huamini hiyo W ni kifupi cha weight, neno la Kiingereza la uzito, na hata mafundi hodari nimewasikia wakiapa hivyo. Sivyo. W ni winter, majira ya baridi. Namba iliyobandikwa W inahusu asubuhi moja tu: gari limelala nje, barafu imetanda kwenye kioo, nawe unapiga starti huku ukiomba liwake.

Madaraja haya hupangwa na SAE, chama cha wahandisi wa magari kilichoanzishwa Marekani mwaka 1905, katika kiwango chao kiitwacho J300. Kinachopimwa ni mnato, yaani jinsi kimiminika kinavyogoma kutiririka. Gereji wanasema "oili nzito" na "oili nyepesi", na hakuna ubaya kusema hivyo, ila ukiziweka kwenye mizani lita moja ya hii na lita moja ya ile hutaona tofauti ya maana.

Mtihani wa baridi una sehemu mbili. Ya kwanza inauliza kama starta itaweza kuizungusha injini. Oili hupozwa, kisha hukorogwa na mashine inayoiga injini inapozungushwa na starta. Oili ya 5W hupimwa kwenye nyuzijoto 30 chini ya sifuri, na mnato wake usizidi sentipoisi 6,600. Maji ya kunywa, yakiwa ndani ya nyumba isiyo na baridi, yana kama sentipoisi moja. Kwa hiyo hata hiyo 5W inayosifiwa kwa wepesi, ikifika baridi ile inavutika kama asali. Sifa yake ni kwamba starta bado inaiweza.

Sehemu ya pili inauliza kama pampu itaivuta. Hapa baridi huongezwa nyuzi 5, kwa hiyo 5W hupimwa kwenye 35 chini ya sifuri na haitakiwi kupita sentipoisi 60,000. Kwangu mimi huu ndio mtihani wenyewe. Injini iliyogoma kuwaka inakuchelewesha kazini, basi. Iliyowaka huku oili imekuwa kama jeli kwenye bakuli lake chini ya injini ndiyo inayojitafuna. Pampu inafyonza mara moja, inaacha shimo katikati ya ile jeli, na oili ya pembeni haisogei kulifukia. Kuanzia hapo pampu inavuta hewa. Taa nyekundu ya oili inabaki imewaka kwenye dashibodi, na kule juu kamshafti, ule mhimili unaofungua vali, inasugua chuma kwa chuma.

Kujua daraja gani linafaa baridi gani si lazima ubebe jedwali. Chukua namba ya W, toa 35. Tano ukitoa 35 unapata 30 chini ya sifuri. 10W inakupa 25 chini, 15W inakupa 20 chini, 20W inakupa 15 chini. 0W inafika 35 chini ya sifuri, na hiyo sifuri yake haimaanishi nyuzi sifuri wala haimaanishi oili isiyo na mnato. Jibu unalopata ni nyuzijoto ambayo starta ilipimiwa. Pampu ina nyuzi 5 za akiba chini yake.

Ukitaka kuona kwa macho, mimina vikombe viwili vya plastiki, kimoja 0W-20 na kingine 20W-50, ufunike na kuviacha kwenye friza usiku kucha. Friza za nyumbani huwa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Asubuhi inamisha vyote pamoja. Ile 0W-20 itateremka, kwa uvivu lakini itateremka. Ile 20W-50 itajikusanya kwenye ukingo kama inayofikiria kwanza, maana iko nyuzi tatu chini ya kiwango chake. Sasa mpe kazi hiyo starta.

Na hiyo starta wakati huohuo inalishwa na betri iliyochoka. Betri ya risasi na asidi hutoa umeme kwa mwitikio wa kemikali, na baridi hupunguza kasi ya mwitikio huo. Ndiyo maana betri nazo zina namba yao ya baridi, CCA: ni ampea ambazo betri ikiwa mpya inaweza kutoa kwa sekunde 30 kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bila volti kushuka chini ya 7.2. Oili inazidi kugoma na mwenye kuisukuma anazidi kulegea. Watu wengi hukimbilia kununua betri, kumbe kwenye injini wamemwaga oili ya kiangazi.

Namba iliyo kulia mwa kistari ina mtihani wake mwingine kabisa, kwenye nyuzijoto 100, injini ikiwa kazini. Daraja la 30 linatakiwa liwe na mnato wa kuanzia sentistoki (kipimo kingine cha mnato) 9.3 hadi chini ya 12.5, la 40 linaanzia hapo hadi chini ya 16.3. Hapa ndipo linapozaliwa kosa la pili, lile la kusema 5W-30 ni nyepesi ikipoa na inakuwa nzito ikipata moto. Hakuna oili ya injini inayofanya hivyo. Zote hulegea zikipata moto. Ya 5W-30 inalegea kwa kiasi kidogo kuliko oili yenye namba moja tu kwenye kopo, kwa sababu imetiwa polima ambazo hujikunja kwenye baridi na kujinyoosha kwenye joto, zikizuia oili isiwe maji. Polima hizo hukatikakatika kadiri injini inavyozisaga, na hiyo ni mojawapo ya sababu za kutoahirisha kubadilisha oili.

Kwa hiyo majira ya baridi yakikaribia, namba unayoweza kuichezea ni ya kushoto. Kitabu cha gari kikikubali 10W-30 na 5W-30, chukua 5W bila wasiwasi. Haitakuwa nyepesi mno injini ikipata moto, kwa sababu hapo inatawala ile 30. Namba ya kulia iache kama mtengenezaji alivyoiandika. Anayeshuka kutoka 40 hadi 20 kwa hoja ya kwamba kuna baridi amechanganya mitihani miwili: injini ikishapata moto, hali ya hewa ya nje haiijui sana.

Ukishawasha, usikanyage mafuta injini ingurume. Subiri nusu dakika, dakika moja ikiwa baridi ni kali, kisha ondoka taratibu. Kumbuka mshale wa joto kwenye dashibodi unapima maji ya rejeta, na oili huchelewa kupata moto kuliko maji.

Safari fupifupi za baridi zina dalili yake. Fungua kifuniko cha kujazia oili ukikute kimepakwa ute mweupe kama maziwa ya mgando. Ni mvuke wa maji uliozaliwa injini ikichoma mafuta, ukapoa na kuwa matone juu kabla oili haijapata moto wa kuufukuza. Endesha nusu saa barabara kuu, ufute, uangalie tena kesho. Ukiukuta pia kwenye kijiti cha kupimia oili, na maji ya rejeta yanapungua, hiyo si habari ya baridi tena. Mwite fundi akague gasketi ya silinda.

Na ikitokea oili imepungua ukiwa njiani, kwenye kaunta imebaki 15W-40 tu, ongeza hiyo. Injini yenye oili ya W isiyofaa iko pazuri kuliko yenye oili pungufu. Ukifika, badilisha yote.