Chujio likizima: dhana potofu na ukweli kuhusu kufufua tangi la samaki

Tangi langu liko sebuleni, Mwanga, hapa Kigoma. Ni la lita 200, lina mchanga na mawe ya ziwani, na siku ile lilikuwa na samaki kumi na wawili aina ya Tropheus duboisi, wale ambao wakiwa wadogo huwa weusi ti, wenye madoa meupe mwili mzima. Nilisafiri Jumamosi. Umeme ukakatika, uliporudi ukaja na nguvu ya ghafla, pampu ya chujio ikaungua. Nilirudi Jumatatu asubuhi nikawakuta samaki wote hai, wamechoka tu. Nikaazima pampu nyingine, nikaichomeka palepale. Maji yaliyotoka kwenye mpira yalinuka mayai viza. Hadi adhuhuri samaki wanne walikuwa wamekufa.

Siku ile niliamini kwamba chombo kikipona, washa tu, mambo yataendelea. Naandika kwa sababu bado naisikia kauli hiyo, na inaua.

Chujio la kufungwa ni ndoo yenye mfuniko. Ndani yake, kwenye sponji, wamo bakteria wengi mno, na wanavuta oksijeni kama samaki. Maji yakisimama, oksijeni iliyomo huisha ndani ya saa chache. Bakteria wazuri wanaanza kufa, na wale wanaoishi bila hewa wanashika nafasi na kutoa gesi yenye harufu ya yai bovu, ambayo ni sumu. Sisi wa Kigoma mfano tunao mlangoni. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, lakini oksijeni inaishia kwenye mita 100 hadi 200 za juu. Chini ya hapo maji yamebeba gesi hiyohiyo, na huko hakuna kuhe wala mgebuka. Chujio lililozimika siku mbili limekuwa kilindi cha ziwa, na mimi nilikimimina chote juu ya samaki wangu.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha, fungua chujio. Maji yake yamwage nje. Chukua ndoo, chota maji ya tangi, kamua sponji humo mara mbili tatu mpaka harufu ikate, ndipo urudishe. Na kama unaona umeme hautarudi leo, toa sponji mapema uiweke ndani ya tangi lenyewe, ambako bado kuna hewa.

"Mwaga yote, sugua mawe kwa sabuni, anza na maji mapya." Ushauri huu hutolewa kwa upendo, na ndio unaorudisha watu nyuma zaidi. Samaki hutoa amonia, nyingi ikipitia mashavuni. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Bakteria hao wamenata kwenye sponji, mawe na mchanga. Ndani ya maji ni wachache sana. Kwa hiyo maji unaweza kuyabadilisha bila hofu, lakini ukisugua mawe, au ukisuuza sponji kwa maji ya bomba yenye klorini, umewaua waliobaki. Kuwaotesha upya kutoka sifuri huchukua kama wiki nne hadi sita.

Njia ya mkato ipo: sponji iliyokomaa kutoka tangi la mtu mwingine. Rafiki yangu wa Gungu alinikatia nusu ya yake, nikaibeba mbichi ndani ya ndoo ya wazi. Wanaofuga samaki wa baharini kule pwani hufanya vivyo hivyo kwa mawe yao. Wao wana kazi ya ziada: chumvi kama gramu 35 kwa kila lita, na maji yakipungua kwa kukauka wanajazia maji matupu yasiyo na chumvi, maana chumvi haikauki pamoja nayo.

Maji ya ziwa niliyoyabeba kwenye madumu hayakuwa mbadala wa sponji. Yalikuwa maji mazuri yasiyo na klorini, basi.

Kijana wa jirani alinikuta nikichota. "Shikamoo kaka. Mbona maji yenyewe ni maangavu kabisa, unayamwagia nini?"

"Marahaba. Njoo uone." Nikatia matone ya kipimo kwenye kichupa cha maji. Yangebaki ya njano tungeshukuru. Yakawa kijani kibichi. Amonia haina rangi, na maji maangavu yanaweza kuwa yameijaa.

Tena kwetu ni hatari kuliko kwa wengine. Maji ya Tanganyika yana pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji ambapo 7 ni katikati na juu yake uchachu haupo, karibu na 9. Kwenye pH 7, amonia iliyo katika hali ya sumu kali haifiki hata asilimia 1 ya yote. Kwenye pH 9, kwa nyuzijoto 25, inapita theluthi. Kipimo kinachosomeka "kidogo" kwa mfugaji wa maji ya pH ya chini, kwetu ni msiba.

"Hawa ni kama wa baharini, watie chumvi." Hapana. Chumvichumvi zote za ziwa letu hazifiki gramu 1 kwa lita. Ila dhana hii ina chembe ya ukweli. Nitraiti ikipanda, damu hushindwa kubeba oksijeni, na shavu ambalo sokoni ungelitaka liwe jekundu linakuwa la kahawia kama chai ya rangi. Chumvi kidogo, gramu 1 kwa lita, huizuia nitraiti isiingie mashavuni. Ni dawa ya siku hizo tu.

Samaki anayehema juu ya maji hana njaa, anatafuta hewa. Usimlishe, atavumilia siku kadhaa bila chakula, na chakula kilichobaki kinazaa amonia. Chota maji kwa jagi, yamimine kutoka juu, rudia. Oksijeni huingia zaidi pale uso wa maji unapotibuka, na hata viputo vya pampu ya hewa husaidia hasa kwa kuutibua.

Mimi nilibadilisha theluthi ya maji kila siku na kulisha mara moja kwa siku tatu, chakula cha kubana kwa vidole viwili. Wiki ya tatu matone yalibaki ya njano siku mbili mfululizo. Wale wanane walikuwa wameshaacha kujibanza pembeni. Wamerudi kwenye mawe, wanakwangua ukoga wa kijani ambao nilikuwa karibu kuusugua.